Walikuja na Fomu, Wakaondoka na Majibu

Kama ulisomea shule ya msingi Busia, Kakamega, Homa Bay, Kilifi ama Kwale miaka ya karibuni, kuna asubuhi moja mlipangwa laini. Mwalimu mmoja alishika kopo la vidonge, mwingine daftari la majina. Ukapewa kimoja, ukaambiwa utafune, ukafungua mdomo waone kama umemeza kweli. Halafu mkarudi darasani. Pengine hakuna mtu alikuambia hicho kidonge kilifikaje hapo.

Wacha nikuambie, juu hiyo story ni yetu na ni wachache sana wanaijua.

Mwaka 1998, wasomi wawili kutoka Marekani, Edward Miguel na Michael Kremer, wakishirikiana na shirika lililokuwa likifanya kazi Busia, walichukua shule 75 za msingi zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Wakazigawa makundi matatu. Shule 25 zilianza kupewa dawa ya minyoo mwaka huo huo wa 1998. Zingine 25 zikaanza 1999. Zile 25 za mwisho zikangoja mpaka 2001. Wakati huo wote kulikuwa na watu wa kuhesabu: nani amekuja shule, nani hayuko. Matokeo yalipochapishwa 2004, yalisema kukosa shule kulipungua kwa robo hivi pale dawa ilipotolewa. Na si hapo tu. Hata watoto ambao hawakumeza kitu walinufaika, juu jirani yako akikosa minyoo, na wewe uwezekano wa kuipata unapungua.

Kutoka hapo mambo yakawa makubwa. Mwaka 2009 serikali yetu ikapeleka dawa kwa shule nyingi, watoto zaidi ya milioni 3. Baadaye ikawa programu ya kila mwaka. Na mwaka 2019, Kremer akapewa tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Tuzo ilikuwa ya njia nzima ya kupima mambo mashinani badala ya kubahatisha. Moja ya hizo mashinani, tena ya mapema kabisa, ilikuwa Busia.

Sasa, watafiti wamewafuatilia wengi wa wale watoto kwa miaka 20. Matokeo mengine yalitoka 2021: waliopata dawa kwa miaka miwili ama mitatu zaidi, walipokuwa watu wazima matumizi yao yalikuwa juu kwa asilimia 14, na mapato yao kwa saa juu kwa asilimia 13. Yaani tunajua wanapata ngapi, wanatumia ngapi, wanaishi wapi.

Mimi naulizia upande wa pili. Wao wanajua nini kuhusu hiyo kazi iliyojengwa juu ya maisha yao? Yule mtu wa bodaboda pale Funyula, aliyemeza kidonge akiwa darasa la nne, anajua mwili wake ulisaidia kubadilisha sera ya nchi nzima? Na yule wa zile shule 25 zilizongoja mpaka 2001, kuna mtu alimkalisha chini akamwelezea kwa nini yeye alingoja?

Hapo ndipo niko na shida. Si na utafiti. Ni na majibu yanayoondoka na hayarudi.

Niskizeni vizuri kabla mnirukie kwa komenti. Utafiti ni kitu cha maana sana, na Busia hiyo hiyo inatuonyesha kwa nini. Katikati ya miaka ya 90, kila mtu mwenye suti alikuwa anajua dawa ya elimu mbovu: vitabu. Shule hazina vitabu, leteni vitabu, alama zitapanda. Nani angebisha? Hata mzazi wako angesema hivyo. Basi Kremer na wenzake, Paul Glewwe na Sylvie Moulin, wakachukua shule 100 Busia na Teso. 25 zikachaguliwa kwa bahati nasibu zikapewa vitabu vya kiada mwaka 1996. Wakangoja matokeo.

Wastani wa alama haukusonga.

Waliofaidika ni wale ambao tayari walikuwa juu. Wa nyuma walibaki nyuma, na kitabu mkononi. Kwa nini? Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Kwa watoto wengi wa huko Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya Kiluhya ama Kiteso na Kiswahili. Watoto wengi hawakuweza kukisoma kile kitabu wakakielewa. Mtaala wenyewe ulikuwa umeandikiwa mtoto mwingine, wa tauni, mwenye wazazi waliosoma.

Ona venye hiyo ni nzito. Bila utafiti tungeendelea kununua vitabu na kulaumu watoto. Ati ni wajinga. Ati hawajitumi. Kumbe tatizo lilikuwa lugha na mtaala, na mtoto hakuwa na kosa lolote.

Lakini sasa cheka kidogo, ama lia, chagua. Utafiti uliogundua kwamba kitabu cha Kiingereza hakimfikii mtoto wa Busia ulichapishwa 2009 kwa jarida la wanauchumi la Marekani. Kwa Kiingereza. Tena si kile Kiingereza cha mwalimu wako, ni kile cha jedwali na alama za Kigiriki. Yaani kosa walilolipata kwa vitabu vya shule ndilo kosa ambalo ulimwengu wa utafiti unalirudia kila siku: kuandika kitu kuhusu watu kwa njia ambayo hao watu hawawezi kukisoma.

Na hata ukijua Kiingereza, kuna geti. Makala moja ya jarida la kulipia mara nyingi huuzwa dola 30 na zaidi. Hiyo ni zaidi ya 3,000 za kwetu. Fikiria: mtu anakuja kwenu, anauliza mnakula nini, mnalala wangapi kwa chumba, nani aliumwa tumbo wiki iliyopita. Anaandika. Miaka minne baadaye unaambiwa ukitaka kusoma kuhusu tumbo lako, toa elfu tatu na zaidi.

Hii story siijui kwa kusoma peke yake. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua cha wiki sita cha kukusanya data. Sitataja waliotuandika. Tulipewa tableti, fulana, na nauli iliyokuwa haitoshi. Kazi yangu ilikuwa kupiga hodi nyumba kwa nyumba, Mathare, maswali zaidi ya 100 kwa kila nyumba. Watu wa mtaa ni wakarimu jameni. Unakuta mama anafua, anaacha nguo kwa karai, anakupangusia kiti, anajibu maswali yako saa nzima.

Siku moja mama mmoja alinijibu yote mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, bila hasira kabisa: "Kijana wangu, mwaka jana walikuja wengine, na mwaka juzi wengine. Wote nimewaambia watoto wangu wanaharisha. Sasa mligundua ni nini?"

Mligundua ni nini. Hilo ndilo swali. Tableti yangu ilikuwa na maswali zaidi ya 100 na hakuna hata moja lilikuwa na akili kushinda hilo.

Jioni nililipeleka kwa supavaiza. Akaniambia kurudisha matokeo kwa watu "haiko kwa bajeti". Bajeti ilikuwa na tableti. Ilikuwa na fulana. Ilikuwa na gari la kumleta mgeni kutoka ng'ambo aone venye tunafanya kazi. Kurudi kwa huyo mama ndiyo haikuwa.

Na msifikirie hii ni mambo ya heshima tu, ati tuambiwe ndio tuskie vizuri. Matokeo yasiporudi nyumbani, hata ukweli wenyewe unaharibika. Angalia Kibera. Kwa miaka mingi, ripoti, vitabu, habari za kimataifa, kila mahali uliskia Kibera ina watu milioni moja. Milioni! Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Sawa, kuna waliobisha hiyo sensa, lakini hata makadirio mengine huru hayakukaribia milioni. Hiyo namba ilizunguka dunia nzima, ikatafutiwa pesa, ikaandikiwa mipango, na watu wa Kibera wenyewe hawakuwa mezani kusema "hebu ngojeni kidogo". Mtu anayejua ploti yake ina vyumba vingapi ni mkaguzi wa bure. Ukimfungia nje, unajifungia na makosa yako ndani.

Halafu kuna mahali inakuwa mbaya zaidi: pale mtu hajui hata kwamba yuko ndani ya utafiti. Agosti 2020 mtandao uliwaka kuhusu utafiti uliofanywa Kayole-Soweto, hapa hapa Nairobi. Watafiti walishirikiana na kampuni ya maji ya jiji. Wenye ploti waliokuwa na madeni wakagawanywa kwa bahati nasibu: baadhi yao wakapewa ilani kwamba wasipolipa watakatiwa maji, na wasiolipa wakakatiwa. Lengo lilikuwa kuona kama watu watalipa. Walilipa zaidi, kweli. Watafiti walijitetea kwamba kukata maji kwa deni ilikuwa sheria ya kampuni tangu zamani, na wakachapisha maelezo marefu ya maadili ya kazi yao. Nimeskia huo utetezi na siupuuzi. Lakini deni lilikuwa la mwenye ploti, na mfereji ulikuwa wa mpangaji. Mpangaji aliyelipa rent yake vizuri ndiye alibeba mtungi kwenda kutafuta maji kwingine. Kama kuna mtu alistahili kuulizwa kabla, ni huyo.

Sasa nifike kwa wale wenzangu ambao wakiskia haya wanasema: basi tukatae yote, hawa watu wanatufanya panya wa maabara.

Nawaelewa. Aprili 2020, Corona ikiwa moto, daktari mmoja na mtafiti mmoja kutoka Ufaransa walikaa kwa televisheni wakazungumzia kujaribu chanjo ya BCG Afrika, ati kwa sababu hatuna barakoa wala matibabu. Tuliwaka, na tulikuwa na haki. Hata mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros, alisema hiyo ni akili ya kikoloni. Hasira ile ilikuwa na mizizi.

Lakini kuna watu waliruka kutoka hapo mpaka "usikubali utafiti wowote, usiruhusu mtoto wako kuguswa". Hapo tunaachana, mtu wangu. Malaria inaua watoto wetu, si wa Paris. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika. Kwetu ilikuwa Kilifi, Siaya na Kombewa kule Kisumu. Septemba 2019 ikazinduliwa Homa Bay. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Hiyo chanjo iko kwa sababu kuna akina mama waliokubali kubeba watoto wao wakapimwa damu, tena na tena, miaka kadhaa. Na wengi waliofanya hiyo kazi ni wanasayansi Wakenya. Kukataa utafiti wote ni kuwaachia wengine waamue ni magonjwa gani yatafutiwe dawa, na wakiamua bila sisi hawataanza na yetu.

Kwa hivyo shida si kujaribiwa. Shida ni kujaribiwa kama kitu, badala ya kama mtu.

Na inawezekana kufanya tofauti. Kilifi, kituo cha KEMRI-Wellcome kina wawakilishi wanaochaguliwa na wanajamii wenyewe. Wanakutana na watafiti, wanauliza maswali magumu, wanapeleka habari kijijini na kurudisha malalamishi. Wanasayansi wanaenda pia kwa shule za upili kuongea na wanafunzi. Sisemi ni mbinguni. Nasema mtu akikuambia "haiwezekani", mwambie apande basi aende Pwani.

Kisingizio kingine naskia sana: "Hawa watu hawataelewa." Mtu aliyekuelezea kwa undani venye anagawanya shilingi 300 kwa unga, mafuta, maji na nauli, ati hataelewa asilimia. Tafadhali.

Ama: "Wasomi wenyewe bado wanabishana." Ni kweli. Ule utafiti wa minyoo, mwaka 2015 watafiti wa London waliichambua data upya, wakasema ushahidi hauna nguvu kama ilivyodaiwa. Kukawa na vita vikali vya makaratasi, na bado kuna wasiokubaliana. Sawa, si mtuambie hivyo? Mje mseme: "Tulifikiri hivi, wenzetu wanasema hivi, sisi bado tunaamini hivi, na sababu ni hizi." Sisi ni watu wa kubishana kuhusu Gor na Ingwe mpaka saa sita usiku. Mabishano hatuyaogopi. Kinachotuuma ni kimya.

Pia vyombo vya habari vina lawama yao. Utafiti ukifika kwa redio unakuja kama kichekesho cha asubuhi: watafiti wamesema wanaume wanaokunywa chai wanaishi zaidi. Watafiti gani? Waliuliza watu wangapi? Wapi? Hakuna. Wakati huo huo Mulembe na Ramogi zinaskika mpaka jikoni kwa nyanya, na Taifa Leo inauzwa stendi. Nusu saa ya mtafiti na mtangazaji anayejua lugha ya nyumbani ingefanya kazi ambayo jarida la dola 30 haliwezi. Na sisi wenye simu na wafuasi, sisi ni vyombo vya habari pia. Tukiwa na bando ya kufuatilia nani ameachana na nani, tuko na bando ya kusoma muhtasari wa ukurasa mmoja na kuuweka kwa Kiswahili cha mtaa.

Kwa watafiti naomba kitu kimoja: wekeni kurudi kwa bajeti kutoka siku ya kwanza, kama mnavyoweka tableti. Ukurasa mmoja kwa lugha ya wenyeji, mkutano mmoja pale pale mlipoulizia maswali. Na kwa NACOSTI, wanaotoa leseni za utafiti: mtafiti tayari anatakiwa awaletee nyinyi nakala ya ripoti yake. Ongezeni mstari mmoja, aonyeshe pia venye alivyowarudishia waliojibu.

Lakini tusingoje ofisi. Siku mtu amebisha hodi na tableti, muulize haya:

Moja, leseni yako ya NACOSTI iko wapi? Ina kodi ya kupiga picha na simu, ithibitishe hapo hapo.

Mbili, hii data inaenda wapi na ni nani ataiona? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwaje.

Tatu, nikichoka katikati naweza kuacha? Jibu lazima liwe ndiyo, bila kupoteza kitu. Na kama hujafika miaka 18, mzazi ama mlezi aulizwe, na wewe pia uulizwe. Ndiyo ya mzazi peke yake haitoshi.

Nne, na hii usiisahau: mkimaliza, mtatuletea majibu lini, na nikupigie kwa namba gani nikiona kimya? Aandike. Mwone akiandika.

Hayo si matusi wala kiburi. Mtafiti mzuri atafurahi, juu amejiandaa. Mbaya atakumbuka kwamba amechelewa mahali.

Mkaribishe, mpe kiti, mpe maji ya kunywa, mjibu ukweli. Ukarimu wetu tusiuache. Lakini majibu ni mali, na mwenye mali huuliza inarudi lini.

Kama umewahi kujibu maswali ya watu wa tableti, iwe ni afya, shule, simu ama chochote, niandikie hapo chini: ilikuwa wapi, mwaka gani, na je, walirudi? Nitayasoma yote. Na nikishayahesabu, nitarudi hapa kuwaambia tuligundua ni nini.